Jina Ndani ya Chungu

Jua lilikuwa limeshaegemea mgongo wa mlima mama aliponituma kwa Dhaniram, mpiga ngoma.

"Mwambie aje leo," alisema. Alikuwa amelala jikoni karibu na moto, mablanketi yote ya nyumba juu yake, na bado meno yanagongana. "Leo, Hemanti. Si kesho. Kesho ya mlevi haina asubuhi."

Huyo ndiye mama yangu. Mwili uko hoi, ulimi uko salama.

Mimi nimeolewa ng'ambo ya mto. Nilikuwa nimerudi kijijini kwetu Bhatkhola kumuuguza, maana baba hawezi hata kuchemsha maji bila kuunguza sufuria. Nikajifunga shali, nikachukua mundu, nikashika njia ya misonobari. Mundu ulikuwa kwa ajili ya chui. Saa ya kuwasha taa ndiyo saa yake, na mwaka huo alishakula mbwa wawili wa jirani.

Lakini sikuwa nikimwogopa chui. Nilikuwa nikikiogopa kile kilichokuwa kikija mlangoni kwetu.

Kilikuja kila jioni, taa ikishawashwa tu. Kwanza harufu... nywele zilizoungua. Halafu mkwaruzo, chini kabisa ya mlango, kama mtu anayepapasa komeo gizani. Halafu, katika ule mwanya wa chini, mvuke mwembamba ukiingia na kutoka.

Pumzi.

Ukifungua, hakuna mtu. Baba alisema ni paka. Sijapata kuona paka ambaye akikwaruza mlango, mama yangu anatokwa machozi.

Nilimkuta Dhaniram anakausha ngozi ya kingoma chake juu ya makaa. Ndiye anayeita mizimu katika bonde letu. Kingoma kinalia, anaimba, na aliyekufa na donge lake moyoni huja akapanda kichwani kwa mmoja wa nyumba ile, akasema yanayomsumbua. Ni kazi ya ukoo wake. Kunywa pia ni kazi ya ukoo wake.

"Pratap Singh ananiita mimi?" aliuliza. "Baba yako aliniambia nikapike kingoma changu nile."

"Anayekuita ni mama."

Akaigeuza ngozi juu ya makaa. "Ni kuhusu yule mtoto wenu wa kule juu?"

"Sijui, mzee wangu. Yule yuko hai."

"Ndiyo," alisema akiinuka. "Hilo ndilo linalonitia baridi."

Sasa niseme habari za mdogo wangu, za miaka kadhaa nyuma.

Hakuna aliyemteka. Watu wa mjini wakisikia, hudhani alifungwa kamba akabururwa. La. Uchumba wake ulivunjika, bonde zima likawa na la kusema, na kule juu, penye mierezi, palikuwa na Makao. Wanawake wa mavazi ya kijivu, na mkuu wao ambaye wote wanamwita Mama. Mdogo wangu alipanda siku moja kusikiliza nyimbo. Walimwosha miguu. Hawakumuuliza habari za uchumba. Akarudi anacheka, na sisi tukafurahi, jamani, mtoto anacheka!

Akapanda tena, na tena. Akaacha kusema "mimi", akawa anasema "sisi". Ukimuuliza jambo la kawaida tu, kwa nini hamlali, kwa nini mnaungama dhambi mbele ya wote, alikutazama kwa huruma kama anayemtazama mgonjwa. Siku moja alimwita mama yetu "aliyenibeba". Mama alikuwa anakanda unga wa ulezi. Aliendelea kukanda mpaka unga ukawa hauna maana tena. Wiki ile mdogo wangu hakurudi.

Baadaye walishuka wanawake wawili na chungu kipya cha udongo. Ndani mlikuwa na nywele zake, zimekatwa zote na kuunguzwa ncha. Wakaunganisha viganja kwa adabu. "Mtoto ametulia," walisema. "Anaomba mumwachie. Mwenye mji ataje jina lake humu ndani, kisha avunje chungu njia panda."

Kwetu chungu huvunjwa kwa ajili ya maiti. Ukimvunjia mtu aliye hai, umemtoa duniani. Unanyoa kichwa, unaoga, unakula chakula cha matanga, na tangu siku hiyo jina lake halitajwi katika nyumba yako, hata kwa bahati mbaya. Ni kitu kinachofanywa kwa aliyeaibisha ukoo mpaka hakuna dawa.

Dhaniram alikuwapo njiani siku ile. Alimsihi baba: chungu kilichotoka kwa wengine usikivunje ukiwa na hasira. Baba ndipo alipomwambia habari za kupika kingoma. Baba alitaka bonde lote lisikie. Aliinama juu ya kile chungu, akapiga kelele jina la bintiye ndani yake, akakipasua kwa kisigino. Vyeti vya shule vya mdogo wangu akavitia moto hapo hapo. Mimi nilikuwa kwa mume wangu; nilipofika, kichwa cha baba kilikuwa kimeshanyolewa na hakuna aliyetaka kunitazama.

Baba alidhani anamtupa. Kumbe alikuwa anamkabidhi.

Basi, jioni ile Dhaniram aliketi jikoni kwetu, akaanza. Kingoma chake ni kidogo, unakibana kwapani, lakini kikilia unakisikia ndani ya meno. Aliwaita wazee wa ukoo waliokufa. Hawakuja. Akamwita mungu wa boma. Kimya. Mlangoni mkwaruzo ukaanza... na harufu ile.

Ghafla shangazi Bishna, dada yake baba, aliyekuwa anamenya vitunguu saumu bila habari na mtu, akaangusha kisu.

Akatetemeka. Nywele zikamfunguka. Shangazi ana sauti ya kuuzia samli sokoni. Sauti iliyotoka kinywani mwake ilikuwa nyembamba, ya msichana.

"Nina baridi..."

Mama akaketi kitako, mablanketi yakaanguka.

"U nani?" Dhaniram aliuliza.

"Nimewekwa nje. Nagonga, hamfungui."

"U nani wewe?"

"Baba ananijua."

Baba alikuwa amesimama kando ya ghala la nafaka. Nilimwona anashika ukuta.

"Amekufa!" mama alilia. "Wamemuua mwanangu!"

"Hajafa," alisema Dhaniram. Jasho lilimtiririka. "Angekuwa amekufa ningemwona kamili. Huyu ni nusu. Mwili uko kule juu unakula na kulala. Huyu mliyemvunjia chungu hana pa kwenda. Nileteeni mwili mpaka kizingitini, taa ikiwaka. Baba mtu amwite kwa jina lake. Akiitika, ataingia mahali pake."

"Na asipoitika?" nikauliza.

Alikunywa maji, maji kabisa, na hilo lilinitisha kuliko yote. "Kwanza mlete," alisema.

Kesho yake nilipanda Makao.

Nilijiandaa kwa ugomvi. Nilikuwa na matusi yangu tayari, nimeyapanga njia nzima. Lango lilikuwa wazi. Halikuwa na komeo, halikuwa hata na bawaba nzuri. Wanawake watatu walinipokea, wakanikalisha, wakaleta maji ya vuguvugu na kuniosha miguu.

"Umechoka, dada yetu," mmoja alisema.

Tangu niolewe hakuna mtu aliyenitazama akasema nimechoka. Nasema kweli: nililia. Nililia pale kama mjinga, miguu ndani ya beseni, na yale matusi yote yakaniponyoka. Waliniletea chai ya sukari guru. Walinishika mabega. Hapakuwa na ubaya wowote pale wa kuonyesha kwa kidole, na ninyi mnaodhani msingenaswa, ombeni msije mkafika pale siku ambayo mmechoka.

"Unamtafuta nani?" waliniuliza.

"Mdogo wangu."

"Sote ni wadogo zako. Yupi?"

Nikafungua kinywa nimtaje. Kabla sijasema nikamwona anakuja na mzigo wa kuni kichwani, nikasahau swali.

Nywele zimekatwa mpaka ngozini. Kovu lake la kidevuni lilikuwapo, lile la siku alipoanguka kutoka mti wa mwaloni tukikata majani ya ng'ombe nikambeba mgongoni mpaka nyumbani, damu ikiniingia shingoni. Ni yeye. Nilimkumbatia. Alinikumbatia pia, vizuri tu, kama walivyonikumbatia wale wengine.

"Karibu, dada," alisema. Kwa sauti ile ile yao.

Asubuhi ilikuwa ya barafu. Kila niliposema, mvuke ulinitoka mdomoni. Nikatazama midomo yao.

Hakuna mvuke.

Hata mmoja.

"Mama anaumwa," nilimwambia mdogo wangu, nikijikaza.

"Mama hajambo. Tumemsikia akiimba alfajiri."

"Mama yetu! Aliyekuzaa!"

Alitafuta kidogo kichwani, kama mtu anayetafuta sindano sandukuni. "Aah," alisema. "Aliyetubeba."

"Haya, aliyekubeba. Anataka kukuona. Leo tu."

Akawageukia wenzake. Wote wakainamisha shingo upande mmoja, kwa pamoja, kama wanaosikiliza kitu cha mbali. Kikatoka kimama kifupi, bakuli la njegere mkononi, kinazimenya. Ndiye huyo Mama. Nilitegemea macho ya kutisha. Alikuwa na macho ya bibi wa mtu.

"Nenda, mtoto," alimwambia. "Nani amekufunga? Ukipenda kubaki huko, baki."

Wote wakacheka polepole.

"Na wewe binti, waitwa nani?" aliniuliza.

"Hemanti."

"Hemanti," alirudia, taratibu, kama anayeonja chumvi. Akarudi kwenye njegere zake.

Nilishuka na mdogo wangu nikidhani nimeshinda. Mjinga mimi. Mwenye hakika kwamba kuku atarudi haangaiki kufunga banda.

Njiani nilimchokoza kama zamani. Nikamkumbusha alivyoiba samli akamsingizia paka, na paka akapigwa huku yeye ana samli mpaka puani. Alitabasamu.

"Mtoto huyo alikuwa mtundu," alisema.

Nilitembea nyuma yake nikitazama visigino vyake vilivyopasuka, na moyo wangu ukauma kiasi kwamba nilitaka kuketi njiani.

Tulifika taa zinawashwa. Mlango wetu ulikuwa wazi, taa ya samli imewekwa kizingitini, na ndani kingoma kilikuwa kinalia. Shangazi Bishna ameshatetemeka, kichwa kinazunguka. Mdogo wangu alisimama uani, mikono imekunjwa kwa adabu, kama mgeni aliyekuja kuomba moto.

Shangazi akatulia ghafla. Akatazama nje.

"Naiona miguu yangu," alisema kwa ile sauti nyembamba. "Ile pale... Imepasuka. Mbona hawaivalishi viatu?"

Mama akaziba mdomo kwa shali.

"Sasa, Bwana Pratap," Dhaniram alisema bila kuacha kupiga. "Wewe ndiye uliyemtoa, wewe ndiye wa kumrudisha. Mwite. Mara moja, kwa sauti."

Baba akasogea mpaka kizingitini. Niseme ukweli juu ya baba yangu: ni mtu wa kiburi, kiburi kimemla. Lakini jioni ile alipomwona bintiye, kiburi kilimwisha mwili mzima. Alinyoosha mikono miwili.

Akafungua kinywa.

Akakifunga.

Akafungua tena.

"Jina, Bwana!"

"Nalijua," baba alisema. Akajishika koo. "Lipo. Lipo hapa. Ngoja..."

Kingoma kilipiga. Moto wa taa ukalala upande.

"Mwite mwanangu!" mama alipiga kelele. "Wewe mwanamume, mwite! Mwite... mwite huyo..."

Nilimwona mama yangu anatazama hewani, midomo inacheza, na uso wake ukibadilika kidogo kidogo.

Nikasema basi, nitamwita mimi. Nimembeba mgongoni mwangu. Nimemfundisha kusuka nywele. Nilijaza kifua pumzi. Na jina lile nikaliona kama unavyomwona mtu aliyekugeuzia mgongo sokoni. Unamjua, unamjua kabisa, ila hageuki.

Hapakuwa na kitu.

Miaka ile yote hatukulitaja kwa sababu ya mwiko wa chungu. Tulidhani tumelinyamazia. Kumbe halikuwa letu tena. Baba alilimwaga lote mle ndani, kwa sauti kubwa, kama walivyomwomba.

"Niiteni," ile sauti ndani ya shangazi ililia. "Niiteni upesi... yeyote aniite..."

Tulimwita "mwanangu". Tulimwita "mdogo wangu", "kipenzi", "mtoto wetu". Hakuna lililoshika. Maneno hayo ni ya kila mtu.

Uani, mdogo wangu alituinamia kwa upole.

"Mmechoka," alisema. "Pumzikeni. Sisi twende."

Akageuka.

"Asiende na miguu yangu!"

Sauti hiyo sitaisahau. Shangazi alianguka kifudifudi hadi kizingitini, mikono nje, anakwangua udongo. Nilikimbia nikamkamata mdogo wangu mkono. Aliniondoa vidole kimoja kimoja, bila hasira, kama anayejinasua kwenye mwiba ambao hauna kosa. Akapanda zake mlimani, gizani, bila taa. Hata chui hakulia.

Baba alimfuata mpaka njia panda. Hakuweza kuendelea. Tulimkuta amepiga magoti anachimba kwa mundu wangu, anatafuta vigae vya kile chungu.

Bado anachimba. Kila siku. Alivyovipata anaviunganisha kwa tope, kisha anaweka sikio kwenye tundu na kusikiliza. Akinitazama najua anataka nimuulize kama amesikia chochote. Siulizi.

Dhaniram haji tena kwetu, na pombe ameiacha. Anasema akilewa anamsikia.

Mama amepata nafuu kidogo. Ana kazi sasa. Kila jioni, harufu ile ikija na mkwaruzo ukianza, anaketi nyuma ya mlango, shavu kwenye mbao, anaita majina. Majina yote ya wasichana anayoyajua. Anakwenda nyumba kwa nyumba, kichwani, bonde zima, walio hai na waliokufa. Kila jina analiita kwa upendo, kisha anangoja. Mkwaruzo nao unangoja. Halafu unaendelea, na mama anahamia nyumba ya pili.

Jana alimaliza majirani wote. Akafika kwetu.

"Bishna," aliita.

Mkwaruzo.

Akaita jina la bibi yetu. Mkwaruzo. Nilikuwa nimesimama karibu na moto, kijiko mkononi, nakoroga dengu. Niliona linalokuja. Sikumzuia.

"Hemanti," mama aliita.

Mkwaruzo ukakoma.

Mvuke wa chini ya mlango ukasimama.

"Naam, mama," ilijibu ile sauti nyembamba, nje ya mlango.

Mama akageuka kunitazama. Sijawahi kuona macho kama yale. Alikuwa na mtoto mmoja ndani penye moto, na mwingine nje kwenye theluji, na alikuwa ameona njia ya kumwingiza. Hakuthubutu kuniomba. Mimi pia ni wake.

Ni mdogo wangu. Nilimbeba mgongoni.

"Fungua, mama," nikasema. "Baridi ni kali." Mama akavuta komeo, na ile pumzi ikaingia mpaka karibu na moto.

Leo mume wangu amekuja kunichukua. Yuko uani, anapiga miguu chini kujipasha moto, mvuke unamtoka mdomoni. Mimi niko ghalani, nakunja nguo zangu. Nimepumulia kiganja changu mara nyingi tangu asubuhi. Hakuna kitu.

"Hemanti!" anaita. "Twende, mke wangu, giza linaingia!"

Namsikia vizuri. Ila kabla sijafungua kinywa, kule jikoni, karibu na moto, mtu ameshaitika.